Wasifu wa Mikhail Tsvet: Mtu Aliyezitenganisha Rangi za Majani

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

Utangulizi

Jani la mchicha likitazamwa kwa macho matupu huonekana kuwa na rangi moja tu, nayo ni kijani. Aliyeonyesha kwa njia rahisi kwamba ndani ya kijani hicho mna pigmenti kadhaa za rangi mbalimbali ni Mikhail Semyonovich Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi. Pigmenti ni kemikali zinazokipa kiumbe rangi yake. Zile za majani, mwani na baadhi ya bakteria ndizo zinazonasa mwanga wa jua kwa ajili ya usanisinuru. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kutenganisha rangi za jani kwa karatasi ya kuchujia katika maabara ya shule amefuata nyayo za Tsvet. Hata hivyo, yeye mwenyewe alifariki kabla ya kuona njia yake ikikubaliwa na wakemia wakubwa wa wakati wake.

Kuzaliwa na elimu

Tsvet alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 katika mji wa Asti, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa afisa wa serikali ya Urusi, na mama yake alikuwa na asili ya Italia. Mama huyo alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akakulia Uswisi, ambako alisoma katika miji ya Lausanne na Geneva. Katika lugha ya Kirusi, neno tsvet lina maana ya rangi. Jina lake la ukoo, basi, lilikwenda sambamba na kazi aliyokuja kuifanya.

Mwaka 1891 alijiunga na Chuo Kikuu cha Geneva. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1893, akiwa amesoma fizikia na hisabati, kisha akageukia mimea. Mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wake kuhusu seli za mimea. Mwaka huohuo alihamia St. Petersburg, nchini Urusi, nchi ya baba yake.

Huko alikumbana na kikwazo cha kwanza. Urusi haikuitambua shahada ya udaktari ya Uswisi, hivyo hakuweza kupata kazi ya kudumu ya kufundisha chuoni. Ilimbidi aanze upya. Mwaka 1901 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Kazan, na mwaka uliofuata akapata kazi ya msaidizi katika Chuo Kikuu cha Warsaw. Wakati huo Warsaw ilikuwa chini ya utawala wa Urusi.

Fumbo la majani

Mwaka 1864 mwanasayansi George Gabriel Stokes wa Uingereza alikuwa ameeleza kwamba kijani cha majani ni mchanganyiko wa pigmenti za kijani na za njano. Tatizo lilikuwa kuzitenganisha bila kuziharibu. Wakemia wengi walitumia asidi na kemikali nyingine kali. Mwisho wa kazi hawakuweza kujua kama walichokipata ndicho kilichokuwa ndani ya jani, au ni kitu kipya walichokitengeneza wao wenyewe.

Tsvet alianza na jambo dogo ambalo wengine walilipita. Petroli etha, kiyeyushi chepesi kinachotokana na mafuta ya petroli, huyeyusha vizuri klorofili iliyokwisha kutolewa kwenye jani. Lakini kiyeyushi hicho kikimiminwa juu ya majani yaliyosagwa, hutoa karotini ya njano peke yake, na klorofili hubaki kwenye jani. Ukiongeza alkoholi kidogo, pigmenti zote hutoka. Kwa nini?

Tsvet alidhani kwamba klorofili haikosi kuyeyuka, bali imenata kwenye tishu za jani kwa nguvu ambayo petroli etha haiwezi kuishinda. Ili kulijaribu wazo hilo, alichukua karatasi ya kuchujia, akailowesha kwa myeyusho wa pigmenti za majani, akaikausha. Kisha akaimiminia petroli etha. Karatasi ilifanya vilevile kama jani: karotini ilitoka na klorofili ikabaki. Alipoongeza alkoholi, klorofili nayo ikatoka. Hivyo akawa na uhakika kwamba siri ilikuwa katika kunata.

Neli ya chaki

Kama kila pigmenti hunata kwa nguvu tofauti, basi tofauti hiyo ingeweza kutumika kuzitenganisha. Tsvet alijaribu zaidi ya aina 100 za unga. Mojawapo ya zilizofaa ilikuwa kalsiamu kaboneti, yaani chaki. Matokeo ya mwanzo aliyatangaza katika mhadhara mbele ya chama cha wanasayansi wa Warsaw mwezi Machi 1903.

Njia yake ilikuwa kama ifuatavyo. Alishindilia unga mkavu wa chaki ndani ya neli nyembamba ya kioo. Akamimina juu yake myeyusho wa pigmenti za majani. Kisha akaendelea kumimina kiyeyushi safi. Pigmenti zilianza kushuka, lakini hazikushuka kwa mwendo mmoja. Karotini, ambayo hainati sana, ilitangulia na kupita chini. Nyingine zilijipanga katika tabaka: zanthofili za njano, klorofili ya kijani-buluu ambayo leo huitwa klorofili a, na klorofili ya kijani-njano ambayo leo huitwa klorofili b. Tsvet aliisukuma nje nguzo ile ya chaki kwa kijiti, akazikata tabaka kwa kisu, kisha akaitoa kila pigmenti kwa alkoholi na kuichunguza peke yake.

Mwaka 1906 alichapisha makala mbili za Kijerumani zilizoieleza njia hiyo na kuipa jina kromatografia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Mwaka 1907 alikwenda Berlin kuionyesha mbele ya wataalamu wa mimea wa Ujerumani.

Tsvet hakuishia kwenye majani. Mwaka huohuo wa 1906 alichunguza mwani wa kahawia unaoota baharini. Alikuta pigmenti ya rangi ya kahawia inayoitwa fukozanthini. Alikuta pia klorofili ya aina nyingine, tofauti na zile mbili za majani, ambayo leo huitwa klorofili c. Mwaka 1911 alipendekeza jina karotinoidi kwa kundi lote la karotini na zanthofili, na jina hilo linatumika hadi leo.

Upinzani

Badala ya kupongezwa, Tsvet alipingwa. Leon Marchlewski, mkemia mwenye asili ya Poland aliyekuwa na sifa kubwa, alibishana naye katika majarida. Richard Willstätter wa Ujerumani, aliyekuwa bingwa wa kemia ya klorofili, naye aliona kwamba chaki hubadilisha pigmenti na kwamba njia ile haifai kwa kupata kiasi kikubwa. Willstätter alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1915 kwa utafiti wake wa pigmenti za mimea. Wengi waliona neno lake limemaliza mjadala.

Sababu za upinzani huo zilikuwa kadhaa. Kwanza, Tsvet alikuwa mtaalamu wa mimea aliyeingia katika uwanja wa wakemia. Pili, kiasi cha pigmenti alichopata kilikuwa kidogo, ilhali wakemia walitaka fuwele za kupima kwenye mizani. Tatu, kitabu chake kikubwa cha mwaka 1910, kuhusu pigmenti za mimea na wanyama, kiliandikwa kwa Kirusi, lugha ambayo wengi wa Ulaya Magharibi hawakuisoma. Nchini Urusi kitabu hicho kilimpatia tuzo ya Chuo cha Sayansi mwaka 1911, lakini nje ya nchi hakikusomwa sana.

Vita na kifo

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Ujerumani yaliteka Warsaw. Chuo cha ufundi alichofundisha Tsvet kilihamishiwa Moscow, kisha Nizhny Novgorod. Muda wake ukaishia katika uhamisho badala ya utafiti. Mwaka 1917 hatimaye alipata uprofesa katika mji wa Tartu, nchini Estonia ya leo. Lakini mwaka 1918 mji huo nao ukatekwa, naye akahamia Voronezh. Alikuwa amedhoofika kwa maradhi ya muda mrefu. Alifariki huko tarehe 26 Juni 1919 akiwa na umri wa miaka 47.

Njia yafufuka

Kwa zaidi ya miaka kumi kromatografia ilitumiwa na watu wachache tu. Mwaka 1931, katika mji wa Heidelberg, Edgar Lederer na Richard Kuhn walihitaji kutenganisha pigmenti za njano za kiini cha yai. Kuhn, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Willstätter, alikuwa na tafsiri ya Kijerumani ya kitabu cha Tsvet iliyotoka kwa mwalimu wake. Lederer aliisoma, akajaza chaki kwenye neli, na pigmenti zikatengana. Njia iliyowekwa kando na mwalimu ikafufuliwa katika maabara ya mwanafunzi wake. Mwaka 1952 Archer Martin na Richard Synge wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel kwa kubuni aina mpya ya kromatografia. Siku hizi hutumika kupima dawa, vyakula, maji na damu.

Pigmenti na ukoo wa viumbe

Faida nyingine ya kazi ya Tsvet imo katika somo la mageuko ya viumbe. Pigmenti zikishatenganishwa, kila kundi la viumbe huonekana kuwa na orodha yake:

1. Mwani wa kijani na mimea ya nchi kavu vina klorofili a na b. Huu ni mmoja wa ushahidi kwamba mimea ilitokana na mwani wa kijani.
2. Mwani wa kahawia una klorofili a na c pamoja na fukozanthini.
3. Mwani mwekundu, kama ule unaolimwa pwani ya Zanzibar, una klorofili a na pigmenti ziitwazo fikobilini.
4. Sianobakteria pia wana klorofili a na fikobilini. Ufanano huu ni mojawapo ya sababu za kukubali kwamba kloroplasti ilitokana na sianobakteria aliyemezwa na seli nyingine zamani sana.
5. Bakteria wa zambarau wana bakterioklorofili, na usanisinuru wao hautoi oksijeni.

Mwanafunzi asiharakishe, hata hivyo. Pigmenti husimulia ukoo wa kloroplasti, si lazima ukoo wa seli nzima. Mwani wa kahawia, kwa mfano, una kloroplasti iliyotokana na mwani mwekundu uliomezwa, ilhali seli iliyomeza ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa. Vilevile, pigmenti inaweza kufika kwa kiumbe kupitia chakula. Heroe wa Ziwa Natron na Ziwa Bogoria hupata rangi yao ya waridi kutokana na karotinoidi, na chanzo chake kikubwa ni sianobakteria wanaowala.

Hitimisho

Tsvet hakuwa na cheo kikubwa, fedha nyingi wala maabara ya kifahari. Alichokuwa nacho ni swali alilolifuatilia hadi mwisho na jaribio ambalo mtu yeyote angeweza kulirudia. Wapinzani wake waliweza kulikataa kwa miaka, lakini hawakuweza kuizuia chaki kufanya kazi yake pale mtu mwingine alipoijaza kwenye neli.

Tarehe za kukumbuka

1872: Kuzaliwa Asti.
1896: Shahada ya udaktari, Geneva.
1903: Mhadhara wa Warsaw.
1906: Jina kromatografia lachapishwa.
1910: Kitabu kuhusu pigmenti.
1919: Kifo, Voronezh.
1931: Njia yafufuliwa Heidelberg.

Maswali

1. Eleza kwa nini Tsvet alilazimika kusoma shahada nyingine baada ya kuhamia Urusi. (alama 2)
2. Jaribio la karatasi ya kuchujia lilithibitisha nini? (alama 3)
3. Kwa nini karotini ilitangulia kushuka katika neli ya chaki? (alama 2)
4. Taja sababu tatu zilizofanya kazi ya Tsvet isikubaliwe mapema. (alama 3)
5. Kwa kutumia pigmenti, eleza uhusiano uliopo kati ya mwani mwekundu na sianobakteria. (alama 4)
6. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika wasifu: kiyeyushi, tabaka, mageuko. (alama 3)
7. Andika wasifu wa mwanasayansi mwingine unayemfahamu kwa maneno yasiyozidi 300. (alama 10)