Mbatian: Laiboni ambaye jina lake limefika kwenye mche wa kahawa

Ukienda kwenye kitalu cha kahawa kule Chesikaki, Kimilili au Kapsokwony, kaunti ya Bungoma, utasikia wakulima wakitaja aina za miche kana kwamba wanataja majirani wao: SL28, SL34, Ruiru 11, Batian. Majina matatu ya kwanza si magumu kuelewa. SL ni kifupi cha Scott Laboratories, maabara ya kilimo iliyokuwa Kabete, na namba ni ya mti uliochaguliwa huko. Ruiru nao ni mji wenye kituo cha utafiti wa kahawa.

Lakini Batian je? Huyo, rafiki yangu, alikuwa mtu. Tena alifariki karibu mwaka 1890, kabla ya wamishenari kupanda kahawa nchini Kenya mwaka 1893. Hakuwahi kulima hata mche mmoja.

Kama wewe ni wa Kitale, pengine umezoea majina ya namba. Mji wako ndiko Kenya Seed ilikoanzishwa mwaka 1956, na ndiko mahindi chotara ya H611 yalikotokea mwaka 1964. Herufi H inakwambia kwamba mbegu ni chotara, na zile za mia sita ni za nyanda za juu, ilhali za mia tano ni za maeneo yenye mwinuko wa wastani. Mzazi akikutuma dukani ulete sita moja nne, unajua hiyo ni mbegu ya baridi ya kwenu. Namba hukuambia mmea unafaa wapi. Jina la mtu halikuambii hivyo, ndiyo maana inabidi uulize alikuwa nani.

Basi sikiliza. Mbatian alikuwa mwana wa Supeet, na wote wawili walikuwa malaiboni wa Wamasai. Walitoka katika ukoo wa Inkidong'i. Jina la ukoo huo linatokana na enkidong', kibuyu au pembe ya kutilia vijiwe vya kupigia ramli. Laiboni hakuwa mfalme. Hakukusanya kodi wala hakuwa na askari wake. Kazi yake ilikuwa kubariki morani kabla ya vita, kutengeneza dawa za kinga, kutazama vijiwe na kusema kinachokuja. Lakini watu wakikuamini kiasi hicho, neno lako linaweza kuwa na uzito kuliko amri ya mfalme. Mbatian alifikia kiwango hicho. Katika miaka ya 1870, makundi kadhaa ya Wamasai yalipoungana dhidi ya Wamasai wa Laikipia na kuwavunja kabisa, yeye ndiye aliyekuwa nguzo yao ya kiroho.

Usidhani haya yalitokea mbali na kwenu. Uwanda ulio jirani na Kitale unaitwa Uasin Gishu kwa sababu Wamasai wa jina hilo ndio waliochunga ng'ombe huko. Katika karne hiyo ya 19 walishambuliwa na Wamasai wenzao mpaka wakasambaratika, na baadhi ya waliosalia wakakimbilia nchi ya Waluhya. Ukikuta wazee wa Babukusu wakisimulia vijiji vya kale vilivyozungushiwa kuta za udongo, ujue kuta zile hazikujengwa kwa urembo. Zilijengwa kwa sababu ya uvamizi, na Wamasai walikuwa miongoni mwa waliohofiwa. Kwa hiyo jina ambalo baba yako analitaja leo akinunua miche, babu wa babu yake huenda angelisikia kama jina la upande wa adui.

Uzee wa Mbatian ulikuwa mchungu. Wamasai husimulia kwamba kabla ya kufa aliwaita wazee akawaonya wasihame, kwa kuwa maradhi yangekuja kumaliza ng'ombe, na baada yake adui mwenye nguvu. Uamini utabiri au usiuamini, yaliyofuata yameandikwa katika historia. Sotoka ilifagia mifugo Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890, kisha ndui ikaua watu. Wazungu walipofika na reli yao, walikuta watu waliokwisha kuumizwa.

Halafu kuna suala la urithi. Inasimuliwa kwamba Mbatian alipanga kumpa mwanawe Sendeyo vifaa vya ulaiboni, akamwambia aje asubuhi. Ndugu yake Olonana, ambaye vitabu vingi humwita Lenana, alisikia, akawahi alfajiri na kujifanya Sendeyo. Mzee akampa. Si kila Mmasai anakubali simulizi hii, na huwezi kuwalaumu, kwa sababu inamfanya Olonana mwizi wa baraka. Lisilobishaniwa ni kwamba ndugu hao wawili walipigana kwa miaka mingi. Olonana alisimama na Waingereza, Sendeyo akasalimu amri mwaka 1902. Miaka miwili baadaye, mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamasai kutoka sehemu kubwa ya malisho yao, na ule wa 1911 ukawahamisha tena. Lile onyo la wasihame halikufaa kitu mbele ya karatasi na bunduki.

Sasa jina lilifikaje kwenye kahawa? Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder, pamoja na waelekezi wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel, alifika kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Mlima ulikuwa na majina tayari. Wagikuyu waliuita Kirinyaga. Lakini Mackinder aligawa majina ya vilele kutoka familia moja ya Kimasai. Kirefu zaidi, mita 5,199, akakiita Batian. Cha pili, mita 5,188, ni Nelion, kutokana na jina la ndugu yake Mbatian. Cha tatu, mita 4,985, ni Lenana. Katika kuandika, ile M ya mwanzo ikapotea, na mpaka leo haijarudi.

Miaka 111 ikapita. Watafiti wa Ruiru walikuwa wakitafuta kahawa inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa ambao wakulima huuita CBD, ulioripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1922 na ambao huozesha buni likiwa bado bichi mtini. Walikuwa wametoa Ruiru 11 mwaka 1985. Mwaka 2010 wakatoa nyingine, ndefu kama SL28, inayoanza kuzaa mwaka wa pili, na inayostahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani. Wakaipa jina la kilele kirefu kuliko vyote nchini: Batian.

Kutoa jina kama hilo kuna kanuni zake. Kote duniani, aina mpya ya mmea uliozalishwa na binadamu hubaki na jina lake la kisayansi, hapa ni Coffea arabica, kisha huongezwa jina lake yenyewe ndani ya alama moja moja za kunukuu. Tangu 1959 jina hilo jipya haliruhusiwi kuwa la Kilatini. Mzalishaji anaweza kuchagua mji, namba, mlima au mtu. Kinachotakiwa ni kwamba jina lisiwe limeshatumika kwa aina nyingine ya mmea huo.

Ukitazama vizuri, kahawa haikupewa jina ili kumkumbuka Mbatian. Ilipewa jina la kilele. Jina lake lilipita kwenye jiwe kwanza, likapoteza herufi moja, ndipo likafika shambani Bungoma bila hadithi yake. Lakini yamekutana mambo mawili ambayo huenda hata waliochagua jina hawakuyapanga. Mzee aliyekumbukwa kwa kuonya kuhusu maradhi, leo jina lake linabebwa na mti uliozalishwa ili ushinde maradhi. Na jina lililowahi kutisha upande huu wa nchi, sasa wakulima wa Mlima Elgon wanalitaja wakitumaini litawalipia karo za shule.

Mche utaota hata kama hujui haya yote. Hadithi ndiyo isiyoota yenyewe. Mtu akikuuliza Batian ni nini, mwambie ni kahawa, ni kilele, na kabla ya hayo alikuwa mtu aitwaye Mbatian, mwana wa Supeet. Na hiyo M uitamke.