Paul Robeson, mchezaji aliyenyang'anywa karatasi



Mara hii tunawaletea maisha ya Paul Robeson wa Marekani. Wazee wanaomkumbuka wanamjua kama mwimbaji wa sauti nzito. Lakini alipata pesa kwenye mpira pia.

Alizaliwa tarehe 9/4/1898 mjini Princeton. Papa yake alizaliwa mtumwa; alipofika miaka 15 akatoroka, baadaye akawa pasta. Basi Paul alikuwa mtoto wa mkimbizi, sawa na watoto wetu wengi hapa Moba. Mama yake alikufa kwa moto, Paul akiwa bado mtoto mdogo.

Mwaka 1915 alipata msaada wa masomo kwenye chuo kikuu cha Rutgers. Mpira wa kwao si kama wetu: unafanana na yai, watu wanaubeba mikononi na kugongana vifua. Siku za kujaribiwa, wazungu wa ekipi yake mwenyewe walimvunja pua na kumtegua bega. Alipopona akarudi, mmoja akamkanyaga mkono mpaka kucha zikang'oka. Hakutoka. Mwaka 1916 chuo kimoja cha kusini kilikataa kucheza na mtu mweusi, naye akawekwa kando. Hata hivyo, mwaka 1917 na 1918 alihesabiwa kati ya wachezaji bora wa Marekani nzima.

Ligi ya kulipwa ilianza 1920. Robeson alichezea Akron mwaka 1921 na Milwaukee mwaka 1922, wakati weusi mule walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Pesa ile ilimsaidia kusoma sheria hapo Columbia, akamaliza 1923. Akapata kazi kwa mawakili, lakini karani mzungu akakataa kuandika barua za mtu mweusi. Akaacha sheria, akaingia kuimba na kuigiza.

Alipokaa London alijifunza Kiswahili, lugha yetu hii. Mwaka 1935 alicheza filamu moja ya Afrika, na Jomo Kenyatta alionekana humo pia. Ilipotoka, Robeson aliona inasifu ukoloni, akaikana. Toka hapo alisimama waziwazi upande wa Waafrika. Mwaka 1946, njaa ilipopiga Afrika Kusini, kamati aliyoiongoza ilikusanya chakula na kukituma.

Mwaka 1950 serikali yake ikamnyang'anya paspoti. Sababu moja ilikuwa kusemea uhuru wa Waafrika. Nyingine ilikuwa urafiki wake na Urusi ya Stalin, na ni kweli kwamba juu ya mabaya ya Stalin alinyamaza. Kumbi zikafungwa. Mapato yake, yaliyokuwa zaidi ya dola 100 000 kwa mwaka, yakashuka mpaka karibu 6 000. Hata jina lake likafutwa kwenye orodha ya wachezaji bora wa 1917 na 1918, sawa na kusema hakucheza.

Yeye je? Mwaka 1952 alipanda juu ya lori kwenye mpaka wa Kanada, akaimbia maelfu waliosimama pande zote mbili. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba makaa wa Wales kwa simu. Mwaka 1958 korti kubwa ikaamua kesi ya watu wengine walionyimwa paspoti, naye akarudishiwa yake. Lakini miaka nane ilikuwa imekwenda, na afya ikaanza kuvunjika. Alikufa tarehe 23/1/1976. Mwaka 1995 ndipo aliingizwa kwenye nyumba ya heshima ya mpira wa vyuo.

Sisi tuliorudi toka Zambia na Tanzania tunajua uzito wa karatasi. Bila karatasi mtoto hasajiliwi, shamba linabishaniwa, safari inakatika. Ndiyo maana sehemu ya mchango wenu, wanachama na wafadhili, inakwenda kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mwenye mtoto asiye na cheti amlete kwa komite, asingoje mpaka siku ya kuulizwa.