Georgette Heyer, bibi wa enjenia wa mine

Siku ya posho mangaribi, kama kura haijakatika, kuna nyumba mingi mu Lubumbashi ambamo mama na wabinti wake wanakaa mbele ya tele kuangalia Bridgerton, ile hadithi ya Netflix iliyoanza mwezi wa 12 mwaka 2020. Wakubwa wa Uingereza wanacheza dansi, wanapanda magari ya farasi, na kisha mashaka mingi mwenye cheo anaoa yule ambaye jamaa yake haikumutaka. Wengine hawana tele, wanasoma vile vitabu vya Harlequin vyenye jalada la kupasuka, vinavyopita mukono kwa mukono mupaka kurasa zinaanguka.

Tunacheka, lakini tunaangalia. Juu mu mji huu ule ukuta tunaujua. Wakati wa Gécamines yenye nguvu, nyumba ya kadre haikuwa nyumba ya mufanyakazi wa kawaida, na kartie ya huyu haikuwa kartie ya yule. Kijana wa kambi akipenda binti wa kadre, wazazi walianza na swali moja: baba yake ana cheo gani? Leo wanauliza kama ni krezeri. Swali halikubadilika.

Njo maana leo tunazungumuza juu ya mwanamuke aliyeanzisha ile aina ya hadithi, Georgette Heyer. Kwetu huku watu wachache wanajua jina lake. Na wachache zaidi wanajua kama alikaa ngambo ya ziwa letu, Tanganyika, ndani ya nyumba ya matete, juu bwana yake alikuwa enjenia wa mine.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 8 mwaka 1902, Wimbledon, pembeni ya London. Hakuwa wa ukoo mukubwa. Babu yake upande wa baba alitoka Urusi; upande wa mama walikuwa na mashua za kukokota meli juu ya muto Thames. Baba, George, alikuwa mwalimu na mupenzi wa vitabu. Boris, ndugu yake mudogo, alikuwa mugonjwa-mugonjwa, na Georgette, akiwa na miaka 17, akaanza kumutungia hadithi ili asichoke na kitanda. Baba akaisikia, akamusukuma aitafutie muchapishaji. Ile hadithi njo The Black Moth, ilitoka mwaka 1921, mwandishi akiwa na miaka 19.

Mwaka 1925 ulimuletea furaha na machozi pamoja. Alichumbiwa na Ronald Rougier, enjenia wa mine. Kisha mwezi moja tu, baba yake akafa gafula, moyo ulisimama. Pensheni hakuacha. Walibaki mama na ndugu wawili wanaume, mumoja wa miaka 19, mwingine 14. Mutu wa Katanga hana lazima ya kuelezwa kilichofuata. Georgette akaolewa mwezi wa 8, lakini kalamu yake ilikuwa tayari mushahara wa nyumba mbili.

Mwaka uliofuata akatoa These Old Shades. Uingereza yote ilikuwa mu mugomo, magazeti hayakukitangaza kile kitabu, hakuna aliyekisifu wala kukisema vibaya. Kikauzwa nakala 190.000. Watu waliambiana wao kwa wao, basi.

Na ni hadithi gani? Duki mumoja wa Uingereza, mutu mukavu, mwenye sifa mubaya, anakutana usiku mu njia za Paris na kijana anayekimbia kipigo cha kaka yake. Anamununua kama mutumishi. Kumbe kijana ni binti, jina lake Léonie, aliyekomalia mu nyumba ya kuuza pombe. Mapendo yanaanza pale. Msomaji anajiuliza: duki ataoa mutoto wa kilauri? Hapa njo Heyer anatutega. Léonie si wa kilauri. Ni binti wa mukubwa wa Ufaransa ambaye alitaka murizi mwanaume, kwa hiyo akamubadilisha, siku ya kuzaliwa, na mutoto wa mulimaji.

Tukipima vizuri, ukuta haukuvunjika hata tofali moja. Mulango ulifunguliwa kwa mutu ambaye tayari alikuwa na ufunguo mu damu yake. Na yule mwana wa mulimaji aliyelelewa mu nyumba kubwa, mawazo yake yote ni shamba. Kwa Heyer wa miaka 24, damu haipotei. Siye hatukubaliane naye hapo, na tunafikiri msomaji wa Katuba ao wa Kenya hakubali pia. Lakini anasoma mupaka mwisho, juu kilichomushika ni ile kurasa 200 ambamo binti bado ni maskini na duki bado anamupenda.

Kisha Ronald akaenda Tanganyika kutafuta bati. Bibi yake akamufuata mwaka 1927. Walikaa mu pori, mu nyumba ya matete, na watumishi wao walikuwa hawajaona bado mwanamuke muzungu. Maktaba hakuna, jirani wa kuuliza hakuna. Pale pale akaandika The Masqueraders, hadithi ya mwaka 1745, ya kaka na dada wanaojificha, kaka amevaa kanzu ya mwanamuke, dada amevaa suruali. Kila kitu alikitosha mu kichwa: nguo, panga, kamari, njia za London. Wenye kuchunguza walipata kosa moja tu: alifungua klabu ya White's mwaka moja mbele ya wakati wake. Kwa mutu aliyeandika pembeni ya mine ya bati, si kidogo.

Lakini kuna kitu kinatusumbua. Mu ile nyumba ya matete kulikuwa mutu wa kuchota maji, mwingine wa kupika, na nje kulikuwa wale waliochimba. Hao hawakuingia hata mara moja mu riwaya zake. Afrika ilimupa makala juu ya kifaru, iliyotoka mu gazeti The Sphere mwaka 1929, basi. Mwanamuke aliyeona wazi namna cheo kinatenganisha mutu na mutu mu sebule za London, hakuandika juu ya ukuta uliokuwa hatua chache kutoka meza yake. Na hapa kwetu, Élisabethville, miaka ile ile, ukuta ulikuwa amri ya serikali: bazungu mu mji, weusi mu cité.

Kutoka Tanganyika walienda Macedonia mwaka 1928. Kule daktari wa meno alimupa dawa ya usingizi vibaya, akakaribia kufa. Wakarudi Uingereza, Ronald akaacha kazi ya mine, akajaribu biashara, kisha duka la vitu vya michezo. Franga za nyumba zilitoka kwa bibi. Ronald aliposoma sheria, kalamu ndiyo ililisha nyumba, na mwaka 1939 akawa avoka.

Mwaka 1935 alitoa Regency Buck, na pale njo aliingia kabisa mu wakati uliomupa jina: miaka ya 1811 mupaka 1820, mufalme George wa 3 alipokuwa na ugonjwa wa akili na mwana wake akatawala mu nafasi yake. Mwaka 1937 akaandika An Infamous Army, juu ya Bruxelles na vita ya Waterloo, kwa uchunguzi mukali sana. Wakati wa vita ya pili, shida ilimubana hata akauza haki za vitabu vyake vitatu vilivyopendwa sana kwa paundi 750.

Hatutaficha mabaya. Mu The Grand Sophy, ya 1950, kuna Muyahudi mukopeshaji aliyechorwa kwa dharau.

Kile ambacho tungependa kitafsiriwe ni A Civil Contract, ya 1961. Adam, mwana wa ukoo mukubwa, anarudi kutoka vitani, baba amekufa na madeni. Anapenda binti muzuri wa cheo chake, lakini anaoa Jenny, mufupi, munyamavu, binti wa mufanyabiashara tajiri asiyejua adabu za wakubwa. Hapa hakuna siri ya damu. Jenny ni binti wa baba yake mupaka ukurasa wa mwisho. Baba mukwe analeta zawadi kubwa-kubwa, mukwe anaona haya, na Jenny kati yao anajua kama bwana yake alimuoa juu ya mali. Mapendo yanakuja polepole, kupitia chakula, shamba, mutoto. Hayafanane na yale ya kwanza, na mwandishi hadanganyi juu ya hilo. Alikuwa na miaka karibu 60, alikuwa amelisha nyumba kwa miaka zaidi ya 30.

Waandishi wa habari alikuwa anawakimbia. Alikufa mwezi wa 7 mwaka 1974, kwa kansa ya mapafu, akiacha riwaya 48 zilizokuwa bado zinachapishwa. Wasomaji wake wengi, siku ile ya tangazo la kifo, njo walijua kwa mara ya kwanza kama nyumbani alikuwa anaitwa Madame Rougier.