Joseph Lister na Mguu Wangu wa Kushoto

Mwaka wangu wa pili chuoni uliishia wodini. Bodaboda niliyopanda kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi iligongana na gari, na nilipopata fahamu niliona mfupa wa mguu wangu wa kushoto umechomoza nje ya ngozi. Sitaeleza zaidi, najua wengine mnasoma hii mkiwa mezani. Nililazwa wiki saba, nikaahirisha mwaka, boom nalo likakatika.

Daktari mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kijana wa rika letu tu, aliona ninavyokodolea macho kidonda kila kinapofunguliwa. Akaniambia nikitaka kujua kwa nini mguu bado ninao, nimsome Joseph Lister. Bando lilikuwepo na muda ulikuwepo. Nikasoma.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, kijiji cha Essex, jirani na London. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa dhehebu la Marafiki, hao hao ambao leo wana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye hadubini. Alirekebisha lenzi zake mpaka vitu vidogo vikaonekana bila ukungu. Kwa hiyo yule mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo kitu kisichoonekana kwa macho hakikuwa hadithi.

Zama hizo Oxford na Cambridge zilikuwa za wafuasi wa Kanisa la Uingereza, basi akasoma University College London. Humo alimpoteza kaka yake, akaugua ndui, na mwaka 1848 akazidiwa na msongo wa mawazo hadi akaacha masomo kwa muda. Sehemu hii niliirudia mara mbili, kitanda kikiwa chuo changu cha muda. Alirudi, akahitimu udaktari mwaka 1852, kisha akaenda Edinburgh kujifunza kwa James Syme, mpasuaji mwenye jina kubwa. Mwaka 1856 alimuoa binti wa mzee huyo, Agnes, ambaye alikuja kuwa mwandishi wa kumbukumbu zake za maabara na msaidizi wake wa miaka yote.

Sasa ili umuelewe Lister, lazima ujue upasuaji wa wakati ule ulikuwaje. Nusu kaputi ilikuwa imeingia mwaka 1846, kwa hiyo mgonjwa hakuhitaji tena kushikiliwa na wanaume wanne. Kumbe hapo ndipo balaa lilipoongezeka: madaktari walipasua zaidi, na vidonda vikaoza zaidi. Mpasuaji alivaa koti kuukuu lililoganda damu ya wagonjwa waliopita, na wala hakuona aibu. Visu vilifutwa tu. Usaha wa aina fulani ulihesabiwa kuwa dalili ya kupona. Wengi waliamini kidonda huozeshwa na hewa mbaya ya wodini. Mtu aliyevunjika mfupa ukatoboa ngozi, kama mimi, mara nyingi alikatwa mguu mapema kabla uozo haujapanda. Na hata akikatwa, hakuwa na uhakika wa kutoka mzima.

Mwaka 1860 Lister alikwenda Glasgow kuwa profesa wa upasuaji, na mwaka uliofuata akapewa wodi katika Glasgow Royal Infirmary. Kilichomsumbua ni swali moja. Mfupa ukivunjika ndani ya ngozi, mtu anapona vizuri. Ukitoboa ngozi, anaoza. Ngozi inazuia nini?

Jibu lilimfikia mwaka 1865 kupitia kwa profesa wa kemia wa chuo hicho hicho, Thomas Anderson, aliyemuonyesha maandiko ya Louis Pasteur wa Ufaransa. Pasteur alikuwa ameonyesha kwamba vitu huchacha na kuoza kwa sababu ya viumbe hai vidogo mno, si kwa sababu ya hewa yenyewe. Lister akaunganisha nukta: kama maziwa yanaharibiwa na vijidudu, basi na nyama ya mtu vilevile. Pasteur aliviua kwa moto, lakini mgonjwa huwezi kumchemsha. Lister alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle unatumia asidi ya kaboliki kutibu maji machafu. Akaitafuta.

Jaribio la kwanza, Machi 1865, lilishindikana. Tarehe 12 Agosti aliletwa mtoto wa miaka 11, James Greenlees, aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni. Mguu wa kushoto, mfupa umevunjika na kidonda kiko wazi. Niliposoma hapo niliutazama wa kwangu. Lister alisafisha kidonda kwa asidi hiyo, akakifunika kwa kitambaa kilicholowekwa humo, akafunga mguu kwa vibao. Baada ya siku nne alifungua akitegemea kunusa uozo. Hakuna harufu. Hakuna usaha. Baada ya wiki sita mifupa ilikuwa imeunga.

Mwaka 1867 alichapisha matokeo yake kwenye jarida la Lancet: wagonjwa 11 wenye mivunjiko ya aina hiyo, 9 wakapona na viungo vyao, mmoja akakatwa mguu, mmoja akafariki. Kwa waliokatwa viungo, kabla ya utaratibu wake walikufa 16 kati ya 35. Baada yake walikufa 6 kati ya 40. Mwaka huo huo dada yake Isabella alikuwa na saratani ya titi, na wapasuaji wengine walishauri aachwe. Lister alimpasua nyumbani kwake, kwenye meza ya chakula. Kidonda kilifunga bila kuoza, dada akaishi miaka kama mitatu zaidi. Jiulize mwenyewe kama ungethubutu kuiamini nadharia yako kiasi hicho.

Msidhani alipigiwa makofi. Wakubwa wengi wa Uingereza walimcheka: vijidudu gani hivyo visivyoonekana? Wajerumani ndio waliomwelewa mapema. Alipohamia King's College, London, mwaka 1877, aliwaonyesha wenye shaka kwa kufungua goti la mgonjwa na kuunga kwa waya kilegesambwa kilichovunjika, upasuaji ambao watu waliuona kama kumtafutia mtu kifo. Mgonjwa akapona.

Naye pia alikosea. Kwa miaka mingi alipuliza mvuke wa kaboliki hewani wakati wa upasuaji, akiamini hatari kubwa iko kwenye hewa. Mvuke huo uliwakera madaktari vifuani na kuwaunguza mikono. Kumbe hatari kubwa ilikuwa mikono, vifaa na vitambaa. Mwaka 1890, mbele ya mkutano wa madaktari Berlin, alikiri hadharani kwamba ameuacha. Profesa wa hadhi yake, kusimama na kusema hapa nilipotea! Mimi hilo naliheshimu kuliko cheo cha ulodi alichopewa mwaka 1897. Agnes alifariki mwaka 1893, hawakujaliwa mtoto. Yeye alifariki tarehe 10 Februari 1912, wakati huo vyumba vya upasuaji vya dunia vikichemsha vifaa vyake.

Sasa nirudi kwenye mguu wangu, maana kuna jambo nalidaiwa.

Siku ya tisa, mhudumu aliyekuja kunibadilishia bandeji alitoka moja kwa moja kitanda cha jirani, glavu zile zile mkononi. Niliziona. Kulikuwa na doa. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mtu mzima wa umri wa mama yangu, alikuwa na wagonjwa chungu nzima peke yake, na mimi ni nani? Siku ya kumi na mbili homa ilipanda na kidonda kikaanza kunuka. Nikarudishwa chumba cha upasuaji kukwanguliwa nyama iliyooza. Siwezi kuapa kwamba ni zile glavu. Mvunjiko kama wangu huingiza uchafu tangu barabarani. Ila najua niliona na sikusema, na najua Lister alichekwa miaka mingi kwa kusema.

Kwa hiyo wanachuo wenzangu, siku ukilazwa au ukimuuguza mtu, uliza kwa heshima: samahani dada, umeshanawa? Hakuna tusi hapo. Ukienda kumuona mgonjwa, nawa kabla ya kumgusa, usikae kitandani kwake, usifunue bandeji ili upige picha. Ukiruhusiwa kurudi hosteli na kidonda, maliza dozi, usipake majivu wala dawa ya kuelekezwa na rumeti. Wekundu ukisambaa, maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha, harufu au homa: rudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri test iishe.

Mimi natembea, nachechemea kidogo nikipanda ngazi za maktaba. Kabla sijatoka wodini, yule mama alikuja tena na bandeji. Nilimeza mate, nikamuuliza kuhusu mikono. Aliniangalia kidogo, akaenda kwenye sinki, akarudi na maji yakimchuruzika viganjani.