Donald Davies: Aliyebuni njia ya kusafirisha data kwa vipande

UKIITISHA taarifa ya akaunti yako ya miaka kumi kupitia tovuti ya benki, hati utakayoipokea yaweza kuwa haikuwepo popote wakati ulipobonyeza kitufe. Tarakilishi ya benki huichota kutoka kwenye rekodi zake ukurasa baada ya ukurasa, na iwapo waliounda mfumo huo walifanya kazi yao barabara, kurasa za kwanza huwa zimekwisha kukufikia kabla ya zile za mwisho kutungwa. Hapana haja ya kungoja mzigo wote ukamilike ndipo usafirishwe.

Utaratibu huo usingewezekana bila wazo lililomjia mwanasayansi Donald Watts Davies mwaka 1965. Miongoni mwa wataalamu wa mitandao jina lake linavuma hadi leo, ingawa mamilioni ya watu wanaofaidi jasho lake kila siku hawajapata kulisikia.

Davies alizaliwa Juni 7, 1924 katika mji wa Treorchy, kwenye mabonde ya makaa ya mawe huko Wales. Baba yake, aliyekuwa karani katika mgodi, alifariki miezi michache baadaye. Mama mjane akajitwika pacha wake wawili, Donald na dada yake, akarejea kwao Portsmouth, kusini mwa Uingereza, na huko ndiko mvulana huyo alikolelewa na kusomeshwa.

Masomoni hakuwa na mshindani. Alijinyakulia shahada ya fizikia katika chuo cha Imperial, London, mwaka 1943, na kwa kuwa vita vilikuwa vimepamba moto, akapelekwa Birmingham kusaidia utafiti wa silaha za nyuklia. Msimamizi wake huko alikuwa Klaus Fuchs, ambaye baadaye aligunduliwa kuwa jasusi wa Muungano wa Kisovieti. Vita vilipokwisha, Davies alirudi Imperial na kutia kapuni shahada ya pili, ya hisabati, mwaka 1947.

Mwaka huo huo aliajiriwa na Maabara ya Taifa ya Fizikia iliyoko Teddington, kando ya London. Huko alimkuta Alan Turing, bingwa aliyekuwa amesanifu tarakilishi iliyoitwa ACE. Kijana huyo mgeni alisoma makala maarufu ya Turing ya mwaka 1936 kwa makini kupita kiasi, akagundua makosa kadhaa katika maelezo ya mashine iliyosimuliwa humo. Alipompelekea mkubwa wake habari hizo, hakupokewa kwa tabasamu. Turing aliondoka Teddington mwaka 1948, lakini Davies na wenzake waliendelea na kazi, na mnamo Mei 1950 mfano mdogo wa mashine hiyo ukaanza kupiga hesabu.

Kiini cha sifa zake ni safari aliyofanya nchini Marekani mwaka 1965. Alishuhudia huko watu wengi wakitumia tarakilishi moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa mbele ya kituo chake, na akatambua kwamba kikwazo hakikuwa mashine bali njia za simu zilizoziunganisha. Simu humtengea mpigaji waya mzima tangu anapoanza kuzungumza hadi anapokata. Mtu aliye mbele ya tarakilishi huchapa maneno machache, kisha akatulia kufikiri, na muda huo wote waya hukaa bure huku akiulipia.

Mfumo wa telegrafu nao ulikuwa na ila yake. Kila kituo cha njiani kilipaswa kuupokea ujumbe wote na kuuhifadhi kabla ya kuupeleka mbele. Ujumbe mrefu ulipoingia, mifupi iliyoufuata ilikwama nyuma yake mithili ya magari madogo nyuma ya trela kwenye mteremko.

Mwishoni mwa mwaka huo Davies akapata jibu: ujumbe ukatwe vipande vidogo vyenye kimo kimoja, kila kipande kibandikwe anwani ya kiendako, kisha vyote viachiwe vichanganyike njiani na vipande vya watu wengine. Alipendekeza kila kimoja kibebe baiti 128. Mashine za njiani hazingehitaji ghala la kuweka ujumbe mzima, na swali la neno moja lingepenya katikati ya ripoti ya kurasa elfu bila kungoja.

Hata jina la vipande hivyo alilichagua kwa uangalifu. Alimwendea mtaalamu wa lugha ili apate neno ambalo lingeeleweka bila taabu katika lugha nyingine, wakaafikiana juu ya neno la Kiingereza ambalo sisi tumelifanya pakiti. Mwandishi huyu anakiri kwamba hajawahi kununua pakiti ya maziwa kwa fikira zile zile tangu apate habari hizo.

Mnamo Machi 1966 Davies aliueleza mpango wake hadharani. Baada ya mhadhara, afisa wa Wizara ya Ulinzi alimjia na kumfahamisha kwamba Mmarekani Paul Baran alikuwa ameandika jambo linalokaribiana na hilo. Baran alichapisha kazi yake mwaka 1964, akitafuta mawasiliano ambayo yangenusurika shambulio la nyuklia. Davies alikuwa akifikiria watu wanaongoja majibu mezani pao. Njia zao zilikuwa tofauti, lakini walifika pahala pamoja, na Davies hakusita kamwe kumpa mwenzake haki yake.

Alitaka Uingereza nzima iunganishwe kwa mtandao wa aina hiyo. Hata hivyo, simu zote nchini zilikuwa mikononi mwa Idara ya Posta, ambayo haikuwa na haraka, na fedha za serikali hazikutosha. Alichoruhusiwa ni kuunganisha majengo ya maabara yake tu. Mtandao huo mdogo ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukatumika hadi 1986.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha kutoka mbio. Mnamo Oktoba 1967, Roger Scantlebury, msaidizi wa Davies, aliwasilisha mpango wa Teddington katika kongamano lililofanyika Gatlinburg, jimboni Tennessee. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Larry Roberts, aliyekuwa akiandaa mtandao wa ARPANET kwa fedha za idara ya ulinzi ya Marekani. Roberts aliyachukua aliyoyasikia, na mnamo Oktoba 29, 1969 ujumbe wa kwanza ukasafiri kati ya tarakilishi mbili za California. Kwa maoni yangu, hapo Uingereza ilishindwa na mkoba, si na ubongo.

Davies hakununa. Aliugeukia usalama wa data, akastaafu mwaka 1984, na mwaka 1987 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Aliishi kuuona wavuti ukienea, na kuona pia kanuni za wavuti za mwaka 1997 zikiruhusu tarakilishi kuanza kutuma hati kwa mafungu kabla haijajua urefu wake kamili.

Jambo moja lilimkera uzeeni. Mtaalamu wa Marekani, Leonard Kleinrock, alidai kuwa misingi ya pakiti iliwekwa katika utafiti wake wa mapema miaka ya 1960. Davies aliipekua upya kazi hiyo, akahitimisha kwamba ilihusu foleni za ujumbe mzima mzima, na kwamba wazo la kuukata vipande halikuwemo. Alifariki Mei 28, 2000, akiwa na umri wa miaka 75, kabla ya uchunguzi huo kuchapishwa. Ulitoka katika jarida la tarakilishi la Uingereza mwaka uliofuata, na wanahistoria wangali wanaujadili.