Sir Harry Lauder, Mwimbaji wa Uskoti

Tarehe 4 Agosti 1870, katika Portobello, uliokuwa mji mdogo pwani karibu na Edinburgh, nchi ya Uskoti, mke wa mfinyanzi mmoja alijifungua mtoto mwanamume, kifungua mimba wake, naye akaitwa Harry. Wakafuata wengine sita. Mwaka 1882 baba yao, John Lauder, alipata kazi ya vyombo vya kaure huko Uingereza, akahamia na jamaa yake katika jimbo la Derbyshire. Lakini haikupita miezi mingi akashikwa na kichomi, akafa. Mjane alipewa fedha za bima pauni 15 tu, naye ana watoto saba wa kulisha. Akarudi Uskoti kwa ndugu zake katika mji wa Arbroath, na Harry, ambaye hajatimiza bado miaka kumi na miwili, akaingia kazini katika kiwanda cha kitani. Sheria ya siku zile iliruhusu mtoto kufanya kazi nusu ya wakati na kusoma nusu ya wakati, na ndivyo alivyoendelea na masomo yake.

Mwaka 1884 wakahamia Hamilton kwa mjomba wake, na Harry akashuka katika machimbo ya makaa ya mawe kwa mshahara wa shilingi 10 kwa juma. Akakaa kazi hiyo yapata miaka kumi. Humo gizani alikuwa akiimba, na wenzake wakampenda kwa ajili hiyo. Ndio waliomsukuma aende kuimba mbele ya watu mijini. Mara ya kwanza kulipwa kwa kuimba, alipokea shilingi 5. Mwaka 1891 alimwoa Ann Vallance, binti wa msimamizi wa machimbo, ambaye mwenyewe alizoea kumwita Nance, na Mungu akawapa mtoto mmoja tu, John.

Alipokwisha kuacha machimbo alizunguka Uskoti na Uingereza akiimba na kuchekesha watu, hata mwezi wa Machi 1900 akasimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa London. Tangu hapo mambo yake yalikwenda mbio. Watu walimjua kwa vazi lake la Kiskoti, lile la mikunjo liishialo magotini, na fimbo yake iliyopindapinda. Mwaka 1907 alivuka bahari kwenda Marekani, na kabla ya kustaafu alikuwa amekwisha kwenda huko mara 22. Nyimbo zake zilitiwa katika sahani za santuri, naye alikuwa mwimbaji wa kwanza wa Uingereza ambaye sahani zake ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Wako Waskoti wenye elimu waliomlaumu, wakisema kwamba amelifanya taifa lao kuwa kichekesho, kana kwamba kila Mskoti ni mtu wa mzaha na bahili wa fedha. Lawama hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Lakini wachimba makaa hawakumlaumu.

Basi vita ile kuu ya 1914 ilimkuta mbali sana na kwao. Alikuwa Australia katika safari ya kuimba, pamoja na mkewe na John, ambaye alikuwa amemaliza masomo yake Cambridge. Siku Uingereza ilipoingia vitani, tarehe 4 Agosti, Lauder alitimiza miaka 44. John alikuwa ofisa wa askari wa akiba, akaletewa simu ya kumwita arudi, naye akaenda. Baba yake aliporudi alijitoa kabisa kwa kazi ya vita. Aliwalipa kwa fedha zake wapiga zumari, wazunguke miji na vijiji wakiwavuta vijana waandikwe askari, na mwenyewe akihutubia katika majumba ya michezo baada ya kuimba. Vijana wengi walikwenda kwa sauti yake. Neno hili halipasi kufichwa, maana bila hilo hatuwezi kufahamu uzito wa yaliyompata baadaye.

Siku kuu ya Mwaka Mpya, 1917, asubuhi, alikuwa peke yake katika hoteli mjini London, kwa kuwa siku zile alikuwa akiimba kila usiku katika mchezo mmoja mkubwa. Mlango ukabishwa. Ilikuwa simu: Kapteni John Lauder ameuawa Ufaransa tarehe 28 Desemba. Akasafiri kwenda Uskoti kwa Nance, wakalia pamoja. Mchezo ule ukafungwa, na watu wengi waliokuwa wakipata riziki yao humo wakabaki hawana kazi. Ndipo ilimpasa kuchagua. Baada ya siku chache tu akarudi London, akajivika mavazi yake ya kuchekesha, akatoka mbele ya watu. Akaimba mpaka kufika wimbo wa mwisho, uliosimulia askari watakavyorudi nyumbani kwao baada ya kushinda, na askari hasa wakipita nyuma yake kwa safu. Akaumaliza. Pazia lilipokwisha kushuka akaanguka.

Kila mtu aliyepata kuimbisha kaburini ajua jinsi koo linavyokaza. Wako waliomshangaa Lauder, wakidhani moyo wake ni mgumu. Lakini hata watumishi wa Daudi walimshangaa bwana wao, alipoondoka katika nchi na kuoga na kula chakula, mtoto wake akiisha kufa.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo alikwenda Ufaransa kuwaimbia askari mpaka karibu na mahandaki. Piano ndogo ilitengenezwa makusudi, ikafungwa katika motokaa. Alifuatana na mchungaji mmoja na mjumbe mmoja wa Bunge, na askari kwa mzaha wakachanganya vyeo vya wote watatu, wakamtia Lauder uchungaji na ubunge. Aliimba mashimoni, mahospitalini, na njiani, pengine mizinga ikilia karibu. Katika safari hiyo akapelekwa mpaka makaburi ya Ovillers, mahali penye msalaba wenye jina la mwanawe. Wenzake wakakaa mbali wakamwacha peke yake. Akajilaza kifudifudi juu ya kaburi.

Mwaka 1918 alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Kina kurasa zinazogusa moyo. Kina pia maneno makali mno juu ya Wajerumani wote, nami sioni furaha kuyasoma. Wazazi wa Kijerumani nao walikuwa na misalaba yao katika nchi ile ile. Lakini kwa walemavu wa vita mikono yake ilikuwa wazi. Aliposhika shida yao aliwaanzishia Waskoti waliopoteza viungo vyao, askari na mabaharia, mfuko wa msaada, akikusudia kukusanya pauni milioni moja, akauombea fedha kila alikokwenda. Huyu ndiye aliyechekwa kwa ubahili! Mwaka 1919 Mfalme alimpa cheo, akawa Sir Harry.

Baada ya kifo cha John alitunga wimbo wa kumhimiza msafiri aendelee mpaka mwisho wa njia, hata akichoka na njia ikiwa ndefu. Wasikilizaji waliomjua kwa vichekesho walinyamaza alipouimba. Nance alifariki mwaka 1927, akazikwa Invernoaden, karibu na jiwe la ukumbusho walilomjengea mwana wao, maana mwili wake ulibaki Ufaransa.

Mwaka 1935 Sir Harry aliacha kuzunguka, akakaa nyumbani kwake Strathaven, akitunzwa na binti wa ndugu yake. Vita ya pili ilipokuja, mzee mwenye miaka zaidi ya sabini akatoka tena. Akawaimbia askari, na sauti yake ikatangazwa kwa redio pamoja na wapiga vinanda wa Shirika la Utangazaji la Uingereza huko Uskoti. Watu waliokuwa watoto katika vita ya kwanza walimsikia sasa wakiwa wazazi wa askari.

Alifariki Strathaven tarehe 26 Februari 1950, akiwa na miaka 79. Ilikuwa imekusudiwa alale Invernoaden pamoja na Nance, lakini alizikwa Hamilton, katika mji alimochimba makaa, karibu na mama yake.