Florence Nightingale: Muuguzi aliyechuja takwimu za vifo

JINA la Florence Nightingale huandamana na taa aliyoishika usiku akipita katikati ya vitanda vya majeruhi. Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, aliifanya mezani, akiwa na kalamu na orodha za wafu.

Alizaliwa Mei 12, 1820 katika mji wa Florence, Italia, kwenye familia tajiri ya Kiingereza. Alipenda hesabu tangu utotoni. Wazazi wake walimkataza uuguzi, kazi iliyodharauliwa mno enzi hizo, lakini alishika lake.

Novemba 1854 aliwasili Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiongoza wauguzi 38 kuwahudumia askari wa Uingereza waliopigana na Urusi katika Vita vya Crimea. Alikuta hospitali chafu, na kumbukumbu za vifo zikiwa shaghalabaghala.

Vita vilikwisha 1856. Aliporejea nyumbani, alizipanga upya takwimu za jeshi kwa msaada wa mtaalamu William Farr. Jumla ya vifo peke yake haikumshtua mtu. Nani asiyejua kuwa vita huua? Ndipo akaichuja kwa mwezi, kisha kwa chanzo cha kifo. Januari 1855 majeraha yaliua askari 83. Maradhi ambayo mengi yangeweza kuzuiwa, kama kipindupindu na kuhara damu, yaliua 2,761. Sababu nyingine ziliua 324.

Mwaka 1858 alitoa mchoro wa duara lenye vipande 12, kimoja kwa kila mwezi: buluu kwa maradhi, nyekundu kwa majeraha, nyeusi kwa mengineyo. Duara la pili lilianzia Aprili 1855, baada ya tume ya usafi kufika Machi na kuanza kuzibua mifereji ya majitaka. Lilikuwa dogo, na buluu yake ilikuwa imenywea.

Leo karani hubofya kichujio kwenye kompyuta na chati ikabadilika papo hapo. Nightingale alihesabu kwa mkono, huku baadhi ya wakuu wa tiba jeshini wakimpinga. Hata hivyo, kambi za askari zilirekebishwa, na jeshi likaanzisha idara ya takwimu za afya.

Alifariki London Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Familia yake ilikataa azikwe Westminster Abbey. Kaburi lake, kijijini East Wellow, lina herufi mbili tu za jina lake na tarehe.